Makochi ya Msumari Nyumbani kwa Koplo

Kijiwe chetu kiko pale ambapo madereva wa malori ya kwenda Zambia wanaanza kukata tamaa, hatua chache kabla ya geti la mpaka wa Tunduma. Kuna benchi refu la mbao za makasha, jiko la mkaa la dada Stamili na birika lake jeusi, na nyuma yetu kibanda cha Kalisti, fundi makochi, ambaye tunamwita Msumari. Msumari hakai kwenye benchi. Kwa wiki tatu alikuwa amejipatia kiti kimoja kikuukuu cha mbao, mkono wa kulia wa kiti umeinuliwa kwa kipande cha mbao ya mninga, na tulikuwa tumeshamzoea nacho. Mzee Wilbard, karani mstaafu, ndiye Profesa. Anasoma magazeti ya watu bila kuombwa na barua za watu kwa kuombwa. Venance anabadilisha fedha, shilingi kwa kwacha na kwacha kwa shilingi, kwa hiyo jina lake ni Kwacha, na neno la heshima la Wazambia, mukwai, halimtoki mdomoni. Mimi Lwitiko natengeneza redio na televisheni, wananiita Redio, na wanaosema kuna sababu nyingine ni waongo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, mwezi Agosti mwaka 2013, baridi ya asubuhi ilikuwa haijatuachia, na Profesa alikuwa na barua kwenye mfuko wa koti.

Barua ilikuwa ya shemeji Erica, mke wa Koplo Yesaya. Koplo ni mtu wa Itumba, kule milimani Ileje, ila nyumba yake iko hapa mtaani kwetu, nyuma ya kibanda cha Msumari. Alikwenda nchi za watu kulinda amani, gari lao likapinduka, akarudi na mguu mmoja. Alitibiwa, akapewa mguu wa bandia, akapewa na haki yake, haki ikaezeka nyumba na kusomesha watoto mpaka ilipokwisha. Sasa amekonda, mguu ule haumkai tena, unamchuna mpaka damu. Kuna mfuko wa hisani unaitwa Nyumba ya Askari, wazee wastaafu na watu wa makanisa ndio wanaouchangia. Erica aliandika kuomba mguu mwingine wa mumewe, na yeye cherehani. Wiki tatu nyuma walikuja wageni wawili wa mfuko huo kutoka Mbeya, mama mmoja na sajini mmoja mstaafu, kuiona familia. Na hii ndiyo barua ya majibu.

PROFESA: Tulieni nisome. "Kamati, baada ya kuitembelea familia ya mwombaji, imeridhika kuwa familia ina maisha mazuri na inatunzwa vema na majirani. Hivyo msaada umeelekezwa kwa familia nyingine yenye uhitaji zaidi. Mwenye maelezo ya ziada ayafikishe ofisini kabla ya Ijumaa saa kumi jioni."

KWACHA: Rudia hapo kwenye maisha mazuri.

PROFESA: Maisha mazuri.

KWACHA: Ya nani?

PROFESA: Ya Koplo.

KWACHA: Koplo huyu huyu wetu?

PROFESA: Kuna mwingine unayemjua?

Stamili aligawa vikombe. Anatuuzia kahawa mwaka wa sita sasa, na huwa hasemi mpaka aone tumeshapotea vya kutosha. Mimi nilijisikia vibaya kweli. Erica alipoleta ile barua kwa Profesa jana yake, hakulia. Aliuliza tu, mzee, hapa wanaposema maisha mazuri wana maana gani. Profesa akamwambia ampe siku moja aitafakari. Kutafakari kwa Profesa kunafanyika kijiweni.

MSUMARI: Mimi nasema kuna mkono wa mtu.

PROFESA: Tumia akili, Kalisti. Hili ni jambo la kimfumo. Tangu soko huria liingie, kila kitu ni zabuni. Barabara zabuni, mbolea zabuni, sasa na majeruhi zabuni. Wanawapanga askari mezani, wanaangalia nani ana bei nafuu. Mguu mmoja unawagharimu kuliko kidole. Kwa hiyo wamechukua mwenye kidole.

KWACHA: Hapana mukwai, hujui njia za pesa wewe. Mimi naziona kila siku. Hela ya Koplo ilitoka huko ilikotoka, ikapitiliza Mbeya, ikavuka hapo getini, ikawa kwacha. Iliporudi kuwa shilingi, imeshaliwa pande zote mbili. Wanachobaki nacho ni karatasi, basi wanakuandikia maisha mazuri.

MSUMARI: Ivuke ifuate nini Zambia?

KWACHA: Ningejua inafuata nini ningekuwa nakaa na wewe hapa?

MSUMARI: Sikilizeni niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Yule mama mgeni alikuwa na kibegi cheusi. Kidogo, hivi. Amekaa nacho mapajani tangu anaingia mpaka anatoka, hajakifungua. Mnafikiri kina nini?

PROFESA: Miwani.

MSUMARI: Kipimo. Siku hizi wazungu wametengeneza mashine ya kupima umaskini. Inasoma joto la nyumba. Nyumba ya mtu mwenye shida ni ya baridi, haina watu, haina moto. Siku ile sebule ya Koplo ilikuwa ya moto, tumejaa mle ndani mpaka dirishani. Mashine ikasoma, ikasema hapa kuna neema.

Profesa alitaka kucheka, akajizuia kwa kunywa. Nikaona zamu yangu imefika. Sitajisifu, lakini nilikuwa nimeiwaza usiku kucha ile hoja.

MIMI: Nyote mmezunguka mbuyu. Tatizo ni makaratasi. Mguu wa Koplo ulibaki wapi?

KWACHA: Kule kule alikoumia.

MIMI: Basi. Kwenye vitabu vyao Koplo yuko nchi mbili. Kipande huku, kipande kule. Huku wanasema atalipwa na kule, kule wanasema atalipwa na huku. Mpaka nchi zikae zikubaliane yuko wapi zaidi, hapati kitu.

MSUMARI: Aisee.

KWACHA: Hiyo nzito.

STAMILI: Redio, hicho kikombe cha nne. Na bado hujasema kitu.

Pembeni ya benchi alikuwa amekaa dereva mmoja wa lori la saruji, mtu mzima, kofia ya sufu imefunika masikio. Alikuwa kwenye foleni siku ya tatu na jina lake Efraimu, hayo alikuwa amemwambia Stamili alipoomba kahawa na kashata mbili. Alikuwa anatusikiliza kwa utulivu, akiwa hana kwa kwenda.

EFRAIMU: Samahani wazee. Mimi mpita njia tu.

PROFESA: Karibu kijana, hapa hakuna mpita njia. Sema.

EFRAIMU: Hao wageni walipofika kwa huyo askari, walikaa wapi?

MSUMARI: Swali gani hilo? Walikaa kwenye makochi.

EFRAIMU: Ana makochi?

Msumari akakaa vizuri. Ukimgusa kwenye makochi umemgusa kwenye kazi yake.

MSUMARI: Yangu. Seti nzima, rangi ya maziwa, ilikuwa oda ya Mzambia mmoja, nailoni haijatolewa. Nilitoa kibandani nikabeba mwenyewe na vijana wawili. Wewe ungeacha mgeni aliyetoka Mbeya akalie kigoda? Mtaa ungeuweka wapi uso wake?

Hapo inabidi nieleze. Huku kwetu, mgeni wa mbali akija kwa jirani yako ni mgeni wa mtaa mzima. Mikeka inaazimwa, vikombe vinaazimwa, hata jogoo anaazimwa na kuchinjwa na anarudishwa mwingine baadaye. Hakuna anayekaa kikao kuamua. Tulisikia Alhamisi kwamba kuna ugeni kwa Koplo, Ijumaa alfajiri watu walikuwa wameshapanga foleni mlangoni kwake na vitu. Erica alisimama tu pale jikoni anasema asanteni, asanteni jamani. Koplo alikuwa ananyoa ndevu.

KWACHA: Zulia langu. Lile jekundu la dukani kwa mke wangu. Na kreti mbili za soda. Wale wageni walikunywa Fanta baridi kabisa, sijui barafu ilitoka wapi.

MIMI: Kwa mwenye bucha. Na televisheni ilikuwa yangu. Inchi ishirini na moja.

EFRAIMU: Waliangalia?

MIMI: Waangalie vipi, nyumba haina umeme. Niliiweka tu pale kwenye kona na kitambaa juu. Inapendezesha.

Nilipomaliza kusema hivyo nikasikia maneno yangu yanarudi. Nyumba haina umeme. Nikamtazama Kwacha, naye ananitazama. Mzee wa watu, yule sajini mstaafu, aliingia akaiona televisheni. Waya ambao haupo angeuonaje.

EFRAIMU: Na nani aliwakaribisha?

Profesa alikunja barua, akaikunjua.

PROFESA: Nilisema maneno machache.

KWACHA: Machache? Ulisimama robo saa.

EFRAIMU: Ulisemaje, mzee wangu?

PROFESA: Niliwashukuru kwa kuja. Nikasema shujaa wetu yuko mikononi mwa watu wenye upendo. Nikasema kwamba katika mtaa huu hakuna mtu anayelala na njaa.

Malori yalisogea kidogo, yakasimama tena. Lori la Efraimu halikusogea, mbele yake kulikuwa na mengine mengi.

PROFESA: Ilikuwa hotuba nzuri. Waliandika.

STAMILI: Nilikuwa dirishani siku ile. Yule mama aliweka kalamu chini, akamwuliza Koplo, baba, tuambie wewe mwenyewe una shida gani. Taratibu tu, kwa heshima. Mnakumbuka alijibuje?

Tulikumbuka.

STAMILI: Alisema, hakuna shida, tunamshukuru Mungu. Na ninyi mkapiga makofi.

KWACHA: Sasa kwa nini alisema hivyo? Si angesema tu?

EFRAIMU: Mlikuwa wangapi humo ndani?

KWACHA: Kumi na tisa, ishirini. Sijahesabu mimi.

EFRAIMU: Wewe ungesema? Mwanajeshi, mbele ya jirani zako ishirini, mkeo amesimama na sinia la vikombe vya kuazima?

Kwacha akatoa bunda lake la noti, akalirudisha mfukoni. Ni mara ya kwanza namwona Kwacha anashindwa kubadilisha kitu. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu na nilikuwa na aibu, siwezi kuisema kwa namna nyingine. Siku ile mimi ndiye niliyeanzisha makofi.

MSUMARI: Lakini tulifanya kwa nia njema. Hilo liandikwe.

PROFESA: Liandikwe wapi?

MSUMARI: Basi tu. Na vitu tulivirudisha siku ile ile, hatukumwachia mzigo. Jioni Mzambia wangu alishachukua makochi yake.

STAMILI: Ndiyo maana nashangaa. Koplo alikuwa haipiti siku hajaja hapa na magongo yake kunywa kikombe kimoja. Wiki tatu sijamwona. Juzi nilimpelekea kahawa nyumbani, saa sita mchana, amekaa kitandani. Tangu nimjue hajawahi kukaa kitandani mchana.

MSUMARI: Baridi hii, dada. Mtu akiwa na kidonda, baridi inaingia mpaka kwenye mfupa.

KWACHA: Au ametukasirikia.

PROFESA: Au ni mawazo. Kitaalamu inaitwa msongo.

Efraimu alikuwa amemaliza kahawa. Alirudisha kikombe kwa Stamili, akakung'uta makombo ya kashata kwenye magoti.

EFRAIMU: Kabla ya makochi, alikuwa anakalia nini?

Swali lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Profesa akamtazama Kwacha, Kwacha akanitazama mimi. Mimi nilimtazama Msumari, na Msumari alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ulivyolala juu ya kile kipande cha mninga.

Kile kiti kilikuwa cha Koplo. Tulikitoa ile Ijumaa alfajiri kwa sababu kilikuwa kibaya, sponji lake limechanika, kinaharibu sebule. Msumari akasema atakiweka sponji jipya akirudishe kinang'aa, na alisema kweli, angekifanyia kazi nzuri. Kisha zikaja oda, kikabaki nje ya kibanda, na kiti kilichobaki nje kinakaliwa. Kile kipande cha mninga Koplo alikigongelea mwenyewe, amekipima kwa urefu wa mkono wake, ili aweze kujisukuma na kuinuka bila kumwita mtu. Erica huwa sokoni kutwa, anauza maharage. Wiki tatu Koplo alikuwa akishakaa chini hawezi kuinuka mpaka mkewe arudi. Kwa hiyo alikuwa anakaa kitandani, ambako angalau kuna ukuta wa kushika. Na hakutuambia, kwa aibu ile ile iliyomfanya awaambie wageni hakuna shida.

Msumari alisimama polepole. Hakuna aliyemcheka.

MSUMARI: Redio, na wewe ulikuwa unajua.

MIMI: Nilikuwa najua.

KWACHA: Wote tulikuwa tunajua, bana. Tulikuwa hatujafikiria tu.

Stamili aliinamisha birika, likatoa matone mawili. Akalitoa jikoni.

STAMILI: Kahawa imekwisha. Leo Jumatano. Ijumaa saa kumi siyo mbali.

Profesa akatoa kalamu. Alianza vizuri, kwa heshima na taadhima, sisi majirani tulioguswa, akafika mstari wa tatu akakwama. Efraimu akamwambia, mzee wangu, andika tu nini ni cha nani. Profesa akachana ile karatasi. Sijawahi kumwona akichana kitu alichokiandika. Akaanza upya, na mara hii aliandika kwa sentensi fupi kama mtu mwingine.

Makochi mliyoyaona ni ya Kalisti, fundi, na yamekwisha kuuzwa. Zulia na soda ni vya Venance. Televisheni ni ya Lwitiko. Nyumba haina umeme. Hotuba ni yangu mimi Wilbard, na nilivyosema kuhusu njaa sikuwa nimeuliza mtu. Tunawaomba mrudi, mje siku yoyote bila kututaarifu.

Tukasaini. Kwacha alisaini kwa ile saini yake ndefu ya kwenye risiti. Stamili naye akasaini, akasema aliyasikia yote dirishani na alinyamaza. Basi la asubuhi la Mbeya lingeipeleka kesho yake.

PROFESA: Ila haiendi bila yeye kuisikia. Nyumba ni yake. Akikataa, tunaichana na hii. Redio, wewe ndiye utakayemsomea.

MIMI: Kwa nini mimi?

STAMILI: Wewe si Redio?

Efraimu aliaga akarudi kwenye lori lake, ambalo lilikuwa palepale. Msumari alikiinua kiti, akakigeuza, akakibeba kichwani miguu ikitazama juu. Mimi nikamfuata na barua. Ni hatua chache tu kutoka kijiweni, nazo nilizitembea nikitafuta sauti ya kumsomea mtu mzima kwamba hana kitu.

Koplo alikuwa kitandani, mlango wa chumba uko wazi. Alikitazama kiti kwanza, kisha akatutazama sisi. Msumari alikiweka pale pale sebuleni kilipokuwa siku zote, kwenye ile alama ya miguu kwenye saruji, akamshika Koplo mkono mpaka akakaa. Koplo akaegemea mninga, akajisukuma, akainuka. Akakaa tena.

Nikamsomea. Sikuongeza wala kupunguza. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe kutoka juu mpaka kwenye saini ya Stamili.

"Haijakamilika," akasema.

Msumari akasema kama kuna kilichosahaulika tutaongeza, shemeji akirudi aseme na yeye.

"Kaa, Lwitiko. Andika." Nikakaa chini, karatasi juu ya goti. Alisema pole pole, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. "Mwenye nyumba aliulizwa kama ana shida. Alijibu hakuna. Jibu hilo halikuwa sahihi." Akangoja kalamu yangu imfikie. "Weka na hili. Sebuleni tulikuwa watu ishirini."

Nikaandika ishirini. Kisha akaniomba kalamu, aweke saini yake.